Waya Kwenye Kamba ya Nguo

Tumaini Court, Kisii
9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Baba Bosire,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wewe na mkeo Damaris na watu wa boma. Huku hatujambo. Linda wangu amepata kazi ya uuguzi Ogembo, amepanga chumba karibu na soko na ananiambia kuna baridi, kana kwamba alizaliwa Mombasa. Mashine yangu ya sweta inafanya kazi tangu asubuhi, maana shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mtoto ana mabega.

Utashangaa kuona barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Lakini simu katika nyumba hii ni ya Mama. Macho yamemfifia, masikio yameongezeka. Ukipiga tu anaamuru niweke sauti ya nje, na wewe kaka yangu huongei, wewe unaita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Karatasi ndicho kitu pekee ninachoweza kukutumia kutoka hapa bila yeye kukisikia. Nitampa Andrew wa pikapu ya ndizi akirudi kutoka soko la Daraja Mbili, nawe umpe yeye jibu. Sehemu za salamu nitamsomea Mama, zingine nitabaki nazo.

Jambo lenyewe ni hili. Mama hali chakula.

Unakumbuka jioni za nyumbani. Habari zikiisha, kile kituo kidogo cha Nyamira kinasoma matangazo ya vifo, na Mama anasikiliza mkono ukiwa mezani, hakuna wa kukohoa. Yakiisha bila mtu wetu anasema, "Leo wetu wamebaki," halafu anaomba chakula. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa msichana. Hapa Kisii redio yake inatoa mvumo tu. Kuna mlima, kuna majumba ya ghorofa, sijui ni kipi. Nimemwambia nimeuliza watu na hakuna aliyekufa. Akanijibu, "Wewe si redio." Anaonja matonge mawili, anasukuma sahani. Nguo alizokuja nazo sasa zinamning'inia.

Anahitaji antena ya nje, na nje hairuhusiwi. Kamati ya mtaa imekataza antena, dishi na waya wowote ukutani au juu ya paa, eti tunachafua sura ya mtaa. Mwenyekiti ni Mzee Nyamweya, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, kwa hiyo siwezi kumkwepa hata Jumamosi ya ibada. Mwezi uliopita alisimama chini ya ngazi hadi jirani yangu akashusha dishi lake. Wewe ndiye fundi wa antena wa ukoo huu. Niambie nifanye nini kisionekane.

Wako,
Gladys


Nyamira
2 Machi 2025

Kwako dada yangu Mama Linda,

Salamu zako tumezipata, tumshukuru Mungu. Sisi tuko salama. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Majani ya chai yamepungua kwa sababu ya jua, lakini ndizi zimesimama vizuri. Damaris anakusalimu, anauliza kama Linda amepata mchumba huko Ogembo au bado anaogopa baridi. Mama Mdogo Tryphosa yuko, anawasalimu.

Kuhusu Mama, nimesoma na nimefikiri. Mimi sioni kwamba habari za wafu ni chakula. Wewe hukuwepo Desemba. Yule kijana wa bodaboda alipita langoni akapiga kelele kwamba Kwamboka jirani amefariki, hakusimama hata kidogo. Mama alikuwa amebeba jagi la maji. Mimi ndiye niliyemwinua chini, Gladys, mdomo umekwenda upande. Daktari alisema presha yake haitaki mshtuko. Ndiyo sababu tulikubaliana aje kwako, karibu na hospitali, mbali na kelele za lango letu. Sasa unataka kuleta lango lile lile mezani.

Mtafutie kituo cha nyimbo. Vipo vingi hapo Kisii.

Lakini kwa kuwa umeniuliza kama fundi, nitajibu kama fundi. Chukua waya, upandishe darini juu ya kitanda chake, uutandaze hapo. Nyamweya hatapanda darini kwako.

Ndimi kaka yako,
Mose


Kisii
6 Aprili 2025

Kaka yangu mpendwa,

Natumai mvua imefika huko pia. Hapa imenyesha hadi mfereji wa nyuma umekuja jikoni kutusalimu. Linda hana mchumba, mwambie Damaris, na akipata nitakuwa wa mwisho kujua. Mama anawaombea, na anauliza ndama amepewa jina gani.

Nilifanya ulivyosema. Niliweka kiti juu ya meza, nikapanda, nikaingiza kichwa darini kwenye vumbi na buibui, nikatandaza waya kama kitanda cha mgeni. Redio ikavuma kuliko jana. Nikamwita Ochoki, yule fundi wa redio wa karibu na stendi. Aliangalia juu, akaanza kucheka. Akaniuliza ni nani huyo aliyenituma kuweka antena chini ya mabati, maana mabati ndiyo yanayozuia.

Hapo nikakumbuka. Antena ya nyumbani ilikuwa darini, nawe ulikuwa kijana, ukaitoa ukaipeleka juu ya mti wa avokado, mimi nikishika mti wa mwanzi chini hadi mikono ikafa ganzi. Ukaniambia siku hiyo, mabati hayapitishi. Hujasahau. Kwa hiyo ulinituma darini ukijua, na mimi nina miaka hamsini na mitatu na goti linalolia. Sijui kama nikasirike au nicheke. Kwa sasa nimekasirika.

Tena kuna neno lingine. Kuhusu Mama Mdogo umeandika "yuko, anawasalimu." Basi. Mama aliniambia nisome tena hapo. Nikasoma. Akauliza, "Ni hayo tu kutoka kwa dada yangu?"

Ochoki ana wazo. Kila nyumba hapa ina kamba ya nguo uani, na hiyo kamati haijaikataza, kwa sababu wake wa kamati pia wanafua. Anasema kamba yenyewe inaweza kuwa antena. Lakini hajui vipimo vizuri, anakisia. Nipe vipimo. Usiponipa nitamwachia Ochoki akisie, na waya utakuwepo uani hata hivyo.

Gladys


Nyamira
27 Aprili 2025

Mama Linda,

Tunawasalimu kwa jina la Bwana. Mvua imetufikia na barabara ya kwenda kituo cha kununulia chai imekuwa uji. Ndama hana jina bado, mwambie Mama ampe yeye. Bosire amefungua duka dogo Masimba, anauza simu na chaja. Mama Mdogo hajambo kiasi.

Ya darini tuyaache. Mengine tutaongea tukionana.

Vipimo ni hivi. Chukua waya wa shaba uliovikwa plastiki. Kata vipande viwili, kila kimoja futi mbili na nusu. Vifunge mwisho kwa mwisho kwenye kamba ya nguo, visigusane katikati. Hapo katikati ndipo unapounganisha ule waya mnene wa televisheni, uzi wa ndani kwa kipande kimoja, wa nje kwa kingine, uushushe hadi dirisha la jikoni. Ubavu wa kamba ndio utazame Nyamira, si ncha. Na usianike nguo mbichi hapo, maji yatameza mawimbi. Ukitaka kuuficha, anika zilizokauka.

Nimekuambia kwa sababu nakujua. Tangu utotoni ukikatazwa mlango unapita dirishani, na afadhali upite bila kuumia. Lakini nakuomba, zile jioni usitoke ukamwacha peke yake na hiyo redio. Keti naye.

Mose


Kisii
25 Mei 2025

Kaka yangu,

Salamu kwa wote. Mama amempa ndama jina la Nyaboke, jina la mama yake mzazi, kwa hiyo sasa huwezi kumuuza. Hongera kwa Bosire, na asikopeshe marafiki.

Inasikika. Sijui niiandike vipi upate kuona. Tuliwasha, Ochoki akiwa uani anasogeza waya kidogo kidogo, mara yule mtangazaji akaingia jikoni mwangu akisema "Bwakire" kana kwamba ameketi kwenye ndoo. Mama alinyoosha kitambaa cha kichwa. Akamwitikia salamu, kwa heshima zote, akamuuliza na hali ya mvua. Kisha matangazo. Aliweka mkono mezani. Wakasoma mtu wa Ekerenyo, wakasoma mwalimu mmoja mstaafu tusiyemjua. Yakaisha. "Leo wetu wamebaki," akasema, akaomba chakula. Alikula ugali na mboga ya chinsaga, akaomba kuongezewa. Nilienda kuongeza nikalia huko kwenye sufuria. Nilikuwa nimeanza kuzoea kwamba atakufa mikononi mwangu kwa njaa, na sikukuambia.

Sasa ucheke kidogo. Ili waya usionekane niliacha nguo kavu juu yake kila siku: blauzi yangu ya kahawia, shuka, na taulo. Jirani akaniuliza kama hiyo blauzi ina ugonjwa, mbona haikauki. Nikavumilia. Ijumaa moja jua likazama nikiwa kwenye sweta za watu na sikukumbuka kuzianua nguo. Jumamosi tukarudi kutoka kanisani, Mzee Nyamweya akapita nyuma akaona nguo zimeanikwa siku ya Sabato. Si waya, nguo. Alikuja na wazee wengine wawili, wakaketi, wakafungua kwa sala, wakaniuliza nina shida gani nyumbani hadi nafua siku ya Bwana.

Ningesema nini? Nikisema sikufua, wataenda kuzigusa. Nikaungama kosa ambalo sikulifanya ili nifiche nililolifanya. Waliniombea kwa muda mrefu. Mama alikuwa chumbani anasikia yote, na walipoondoka alicheka hadi nikaogopa presha. Sasa Ijumaa naondoa nguo na naacha kamba tupu, na ninaomba Nyamweya asiinue macho.

Mama anakula, Mose. Uzito umeanza kurudi. Lakini mimi nataka unieleze neno moja. Mama Mdogo "hajambo kiasi" ni kiasi gani?

Gladys


Nyamira
17 Juni 2025

Gladys,

Nimekupigia mara mbili ukasema tutaongea, ukakata. Najua Mama alikuwa kando. Ndiyo maana nimemwamsha Andrew akuletee hii leo, si siku ya soko.

Mama Mdogo ametuacha usiku wa kuamkia leo. Alikuwa mgonjwa tangu Januari, ini, na walipomrudisha nyumbani walituambia tumtunze tu. Sikukuambia kwa sababu wewe hujui kuficha jambo, na Mama hausomi uso wako, anasoma sauti yako. Salamu nilizokuandikia niliziandika mwenyewe. Tangu Machi hakuwa na nguvu ya kutuma salamu.

Tangazo litasomwa Alhamisi jioni. Watoto wake wanataka lisomwe na sina haki ya kuwanyima. Mama yao hawezi kuzikwa kimya kama mtu aliyeokotwa njiani. Kwa hiyo nakuomba utoe waya kabla ya Alhamisi. Mwambie Mama umeharibika. Tutamzika tarehe ishirini na sita, na baada ya hapo nitakuja na wazee, tumketishe, tumwambie polepole.

Usibishane nami safari hii. Mimi ndiye niliyemwinua chini.

Mose


Kisii
6 Julai 2025

Kaka yangu Mose,

Nawasalimu. Nimefika salama, Linda alinisindikiza hadi mlangoni. Nyumba ni kubwa sasa. Mama akikaa huko kwa matanga, mpe dawa zake asubuhi kabla ya chai, si baada.

Kwenye mazishi hukuniangalia, na mimi sikukutafuta. Watu walikuwa wengi na hapakuwa mahali pa maneno. Nakuandikia yaliyotokea hapa Alhamisi ile, maana nadhani unaamini kwamba barua yako ilichelewa. Haikuchelewa. Niliipata Jumanne mchana, nikaisoma nyuma ya mashine ya sweta, nikaendelea kufuma nikihesabu vibaya hadi mkono mmoja ukatoka mrefu kama wa mtu mzima.

Alhamisi nilitoka uani na koleo. Nilishika waya. Ilikuwa kazi ya kukata mara moja tu. Nikafikiria kwamba nitarudi ndani niseme umeharibika, naye ataniamini au atajifanya ameniamini, na jioni ile itapita, na dada yake wa tumbo moja atatangazwa nchi nzima ya Wagusii isikie isipokuwa yeye. Halafu nikafikiria jagi la maji na mdomo uliokwenda upande. Nilisimama pale nikiogopa kama mtoto, Mose. Nilichojua ni kwamba yule kijana wa bodaboda hakusimama, lakini mimi ningeweza kukaa. Uliniandikia wewe mwenyewe, keti naye. Nikaweka koleo mfukoni, nikaenda nikaketi, nikashika ule mkono wake wa mezani.

Mtangazaji akasoma. Tryphosa, mke wa marehemu fulani, na kabla hata ya kutaja watoto akasema, "Dada yake Kemuma, aliye Kisii." Nilihisi vidole vya Mama vinakaza aliposikia jina lake. Nilikuwa natazama mdomo wake tu. Haukwenda popote.

Alisubiri tangazo liishe lote, hadi siku ya mazishi. Akaniambia nizime. Kisha akasema, "Nilijua. Tangu Machi salamu zake zinakuja bila utani. Tryphosa hajawahi kunisalimu bila kunitukana kidogo."

Unasikia hayo? Ungemwandikia hata tusi moja la Mama Mdogo, kwamba Mama amenenepa kwa kula vya mjini, labda angeamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka yangu, na wewe uliumbuliwa mapema.

Alilia. Sitakudanganya, alilia sana, na mimi pamoja naye, hadi majirani wakaja. Mzee Nyamweya naye alikuja kutupa pole. Alisimama jikoni, akaufuata ule waya mnene kwa macho kutoka kwenye redio hadi dirishani, na nje hadi kwenye kamba. Akamtazama Mama. Akasema, "Tutaongea baada ya matanga," akaomba, akaenda.

Watu walipoondoka nilidhani Mama atataka kulala. Akaniita. Akasema, "Niletee chakula. Kesho tunaenda Nyamira, na sitafika kwa dada yangu nikiwa mtu wa kubebwa."

Akala, Mose. Sahani nzima.

Sikukutii na sijutii. Lakini nimekosa usingizi kwa sababu hukuniangalia. Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika.

Gladys


Nyamira
20 Julai 2025

Kwako dada yangu,

Salamu kutoka kwa watu wote wa boma. Damaris ana mafua, mimi mgongo, ndama Nyaboke amevunja ua na kula kabichi za jirani. Mama hajambo. Dawa anapewa kabla ya chai. Alienda kaburini mara mbili, anaongea na dada yake kwa sauti, anamwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watu wa kanisa.

Sikukuangalia kwa sababu niliona haya. Hukunikosea. Mimi ndiye niliyeandika lile tangazo, mezani hapa hapa. Mara ya kwanza niliandika watoto, wajukuu, shemeji, nikaacha jina la Mama, nikijiambia kwamba hata ukisahau kutoa waya, hatajisikia akitajwa. Damaris alisoma akaniuliza, "Huyu marehemu alizaliwa peke yake?" Nikakaa na karatasi hadi chai ikapoa. Mwisho nikaliandika, na nikaliweka la kwanza, kwa sababu ndilo la kwanza. Kisha nikapeleka kituoni nikiomba uwe umekata waya. Sasa wewe niambie mtu wa namna hiyo anatafuta nini. Nilitaka atajwe na nilitaka asisikie. Niliogopa, ndiyo hayo tu, na uoga wangu niliuita daktari.

Mama amekataa kurudi Kisii. Anasema alikuja kwako kuponywa na amepona, na kilichobaki ni uzee, ambao hata huku upo. Nimemwambia kuhusu hospitali. Akaniuliza kama hospitali ina kaburi la Tryphosa. Kwa hiyo atakaa.

Jana nilimwambia nakuandikia, kwamba sasa uutoe ule waya ukae kwa amani na kamati yako, maana hauna kazi tena. Akaniambia niweke kalamu chini nisikilize, kisha niishike tena. Haya ni maneno yake, mimi nimeyageuza Kiswahili tu.

"Mwambie Gladys waya asiutoe. Aende kwa Nyamweya mchana, mlango wa mbele, amwombe ruhusa kama mtu mzima. Mimi nimezeeka na siku yangu iko njiani. Sitaki apigiwe simu akiwa sokoni, au mtu ampigie kelele kutoka barabarani. Nataka akae mezani, asikie jina langu likisomwa lote, vizuri, hadi mwisho. Kisha ale."

Kaka yako,
Mose